OAT: majina matatu, kadi mbili, wiki tatu zimebaki

Rehema, Columbus

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi.

Nina OAT (mtihani wa kuingilia shule za optometria, upimaji wa macho, hapa Marekani) baada ya wiki tatu na ada nimeshalipa. Jana nimepanga karatasi mezani ndipo nikaliona tatizo. Kwenye OATPIN (usajili wa namba ya mtahiniwa) nilijaza majina matatu: langu, la baba, la babu. Grinikadi nayo ina matatu, ila la baba limebandikwa pamoja na la babu kwenye jina la ukoo, na tarehe imepita; ninayo barua ya I-90 (ombi la kadi mpya) ya kuongeza muda. Leseni ya udereva haijaisha, lakini ina langu, herufi moja ya baba, kisha babu. Ofisi ya leseni wanasema mfumo wao ndivyo ulivyo, nirudi na karatasi nyingine, na miadi ya karibu ni mwezi ujao.

Naomba kujua: herufi moja mahali pa jina zima la kati, mlangoni wanaipokea au wanakurudisha? Na mliosoma bila kulipia kozi, mlitumia nini? Nimebakiwa na dola 60 za maandalizi.

Mwalimu Hamisi, Houston

Marahaba Rehema.

Andika barua pepe leo kwa ofisi ya OAT yenyewe. Usianze na Prometric, wenye vituo vya kufanyia mtihani. Prometric wana chumba, kamera na kompyuta. Jina linawafikia kutoka kwenye ombi lako na hawana ruhusa ya kuligusa. Kwenye barua weka namba ya OATPIN, jina lilivyo sasa herufi kwa herufi, jina unavyotaka lisomeke, tarehe ya mtihani, na picha ya leseni. Wakishabadilisha, fungua uthibitisho wa miadi wa Prometric uone kama jina jipya limefika huko. Mara nyingi watu wanaishia hatua ya kwanza, kumbe karatasi ya mlangoni bado ina jina la zamani.

Barua ya I-90 usiitegemee. Kitambulisho cha kwanza kiwe cha serikali, kiwe na picha na saini, na kiwe hakijapita tarehe. Kwa hiyo kwako ni leseni, au pasipoti ikiwa bado hai.

Cha pili lazima kiwe na saini, na wengi wanakisahau. Geuza kadi yako ya benki uangalie nyuma: nyingi za siku hizi hazina ule utepe mweupe wa kutia saini. Kama haina, kadi ya SSN (ya hifadhi ya jamii) ina mstari wa saini chini ya jina. Itie saini kwa wino, na majina yafanane.

Baraka, Dallas

Naongezea la Mwalimu. Ukirudishwa mlangoni ada hairudi. Kuhamisha tarehe nako kunalipiwa, na siku zikikaribia bei inapanda. Kwa hiyo amua wiki hii, usingoje ya mwisho.

Kuhusu vitabu, usinunue kozi. Chukua kitabu chochote cha DAT (mtihani wa kuingilia shule za meno) maktaba, OAT ni DAT iliyobadilishwa jina tu.

Mama Zuhura, Minneapolis

Baraka mdogo wangu, hapo umempotosha. DAT haina fizikia, na OAT haina zile picha za kukunja maboksi. Mwenye kusoma DAT peke yake atakutana na maswali 40 ya fizikia kwa dakika 50 hajawahi kuyaona.

Kinachofanana ni hiki. Sayansi asilia ni maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ogania 30. Mpangilio huo ni uleule kwenye DAT, kwa hiyo vitabu vyake vya mitumba vinafaa hapo. Ufahamu ni maswali 50 kwa dakika 60. Hesabu ni 40 kwa dakika 45. Rehema, gawanya mwenyewe: sayansi asilia una sekunde 54 kwa swali. Mtu anayejua kila kitu lakini anatumia dakika moja na nusu kwa swali atafika la 60 muda umekwisha. Jibu likikosewa halikatwi alama, basi usiache kiduara kitupu. Sekunde 30 za mwisho jaza vyote.

Vitabu vya bure: OpenStax wana Biology 2e, Chemistry 2e na College Physics 2e, na tangu 2023 wana Organic Chemistry ya McMurry, toleo la 10, kitabu kizima. Ukikwama kwenye ogania kuna video za Chad's Prep YouTube, bure. Kadi za kukariri tumia programu ya Anki kwenye kompyuta au Android. Ya iPhone inalipiwa, lakini ukiifungua kupitia tovuti ya AnkiWeb hulipi.

Katika dola 60 hizo nunua kitu kimoja tu: mtihani wa majaribio wa kompyuta, wa sehemu zote nne. Uufanye kwa kikao kimoja, siku kumi kabla, saa ileile ya miadi yako. Usiukatekate. Fizikia inakuja baada ya sayansi asilia na ufahamu, kichwa kimeshachoka, na huwezi kujua uchovu huo unavyokula alama mpaka uufanye mfululizo.

Mwalimu Hamisi, Houston

Ahsante Mama Zuhura. Niseme fizikia, maana ndiyo inayowaangusha wenye alama nzuri za biolojia.

Kwa wiki tatu usijaribu kitabu chote. Shika nguvu na mwendo, nishati na momenta, vimiminika vilivyotulia, saketi za mkondo mnyoofu, mawimbi, kisha optiki. Kwenye optiki kosa ni lilelile: vizio. Lenzi ya fokasi ya sentimita 25 ina nguvu gani? Mtu anaandika 1/25, anapata 0.04, na 0.04 ipo kwenye machaguo inamsubiri. Dayopta, kizio cha nguvu ya lenzi, inataka mita: 1/0.25, jibu ni 4.

Kosa la pili ni alama. Kitu kiko sentimita 20 mbele ya lenzi hiyohiyo ya kukusanya mwanga. Umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi uite v: 1/v = 1/25 − 1/20. Chukua 100 chini: 4/100 − 5/100 = −1/100. Basi v ni −100. Ile alama ya kutoa ndiyo jibu lenyewe: taswira iko upande uleule wa kitu, haiwezi kuonekana kwenye skrini, imesimama wima, na imekuzwa mara 100/20, yaani 5. Sasa sogeza kitu mpaka sentimita 50. Taswira inatokea sentimita 50 upande wa pili, kichwa chini, ukubwa uleule. Fanya mifano hiyo miwili kila asubuhi mpaka mkono uizoee.

Na zoea kufanya bila kikokotoo. Sehemu ya sayansi asilia hakuna kabisa. Mfano pH ya HCl ya 0.002 M: logi ya 2 ni 0.3, kwa hiyo 3 − 0.3 = 2.7. Kariri logi ya 2 na ya 3 (0.3 na 0.48), nyingine nyingi zinatoka humo.

Salim, Boston

Rehema dadangu, pole. Mbona usiachane na OAT? Shule kadhaa zapokea GRE, mtihani wa jumla wa masomo ya juu, ada yake iko chini ya nusu, na haina kemia.

Mama Zuhura, Minneapolis

Salim, ameshalipa! Na si kila shule. Mwenye kutaka GRE aanze na orodha ya shule anazoomba, asome ukurasa wa masharti wa kila moja, na asilipe kabla. Moja tu ikisema OAT peke yake, atalipa mitihani miwili. Na kemia bado inabaki kama kozi za lazima za kuingilia, haikwepeki.

Lililobaki la pesa ni ripoti za alama. Zilizochaguliwa wakati wa kujaza ombi zimo kwenye ada. Ukiongeza shule baadaye, kila ripoti unailipia. Na wanaojiandaa kwa mwaka ujao: upo msamaha wa sehemu ya ada, nafasi chache kila mwaka, kwa anayefanya mara ya kwanza na aliyekuwa anapata msaada wa fedha chuoni. Unaombwa kabla ya kulipa, halafu ni kwa raia au mkaaji wa kudumu.

Baraka, Dallas

Nimekubali kuhusu fizikia, Mama, nilikosea.

Hapo kwenye "raia au mkaaji wa kudumu" ndipo panapouma. Wenzetu Wakenya tangu Katiba ya 2010 wanachukua uraia wa hapa na wa kwao unabaki. Sisi Watanzania ukiapa tu umeuacha wa nyumbani. Hadhi maalumu inayosemwa kwa diaspora si uraia. Kijana anabaki na grinikadi miaka, anahangaika na I-90, kwa sababu hataki kuomba viza ya kwenda kumzika bibi yake.

Salim, Boston

Wallahi Baraka, hilo nalo. Na elimu yenyewe twaitafuta huku wakati nyumbani wahitajika. KCMC Moshi wafundisha optometria, Masinde Muliro pale Kakamega wafundisha, Makerere pia. Lakini nenda shule ya msingi yoyote ya bara au pwani, utamkuta mtoto amekalishwa dawati la nyuma, haoni ubao, aitwa mzembe, na dawa yake ni miwani ya −2 tu.

Mwalimu Hamisi, Houston

Ni kweli, Salim, na hilo la uraia lina uzito, Baraka, lakini tulifungulie mada yake. Huyu binti ana siku ishirini.

Rehema, biolojia ni pana na si ya kina. Usizame kwenye mzunguko wa Krebsi wiki nzima. Pitia makundi ya viumbe, homoni, figo, jenetiki, na embriolojia. Tabaka tatu za kiinitete zijue kwa mazao yake. Jicho ni mfano mzuri wa kukariria: retina inatoka kwenye ektodamu ya neva, lenzi inatoka ektodamu ya juu. Ogania yako iwe ya kulinganisha, mfano SN1 na SN2, njia mbili za kundi moja kuchukua nafasi ya jingine kwenye kaboni. SN2 inataka kaboni isiyosongwa na shambulio ni la kutoka nyuma, hivyo umbo linageuka. SN1 inapenda kaboni tertiari (iliyoungana na kaboni tatu), kwa sababu ndiyo inayobeba chaji vizuri. Chora jedwali moja la mambo hayo, ukurasa mmoja, usiwe na kurasa kumi.

Ufahamu: vifungu vitatu, dakika 20 kila kimoja. Sisi tuliosoma Kiingereza darasani tunasoma kila neno, na hapo dakika zinayeyuka. Soma swali, tafuta neno lake kwenye kifungu, soma sentensi ya juu na ya chini yake, jibu. Mazoezi yapo bure PubMed Central, hazina ya makala za kisayansi mtandaoni: chukua makala ya kurasa nne, weka saa dakika saba, kisha andika kila aya inahusu nini kwa maneno matano.

Mama Zuhura, Minneapolis

Na asijizoeze kwenye daftari. Chumbani wanakupa ubao wa plastiki na kalamu. Nyumbani tia karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki ule wa faili lenye matundu, nunua kalamu ya ubao mweupe yenye ncha nyembamba, yote hayafiki dola 5. Utaona wino unavyochelewa kukauka: kiganja kikipita juu ya hesabu ya mstari uliotangulia, namba zinafutika na huzipati tena. Anza juu, shuka chini, usirudi kulipopita wino. Gawa ubao nusu kwa nusu, upande mmoja hesabu, upande wa pili namba za maswali ya kurudia.

Rehema, Columbus

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe.

Barua pepe nimetuma kama Mwalimu alivyoelekeza, na picha ya leseni. Wamejibu kwamba wamepokea, hawajasema kitu juu ya jina. Kadi ya benki nimegeuza, kweli haina utepe. Ya SSN nimeitia saini. Pasipoti ilikwisha mwaka jana na ubalozi uko mbali.

Lakini bado sijaelewa: wakibadilisha waandike herufi moja kama leseni, au waondoe jina la kati kabisa? Na transkripti zangu zote zina la baba kamili, OptomCAS (mfumo wa pamoja wa kuomba shule za optometria) hawatasema ni mtu mwingine?

Baraka, Dallas

Herufi moja kama leseni, nadhani.

Mama Zuhura, Minneapolis

Baraka, "nadhani" inamgharimu zaidi ya dola 500. Rehema, piga simu kesho asubuhi wakifungua, leseni ikiwa mkononi, uwasomee herufi kwa herufi. Ukimaliza omba wakuandikie kwa barua pepe walichosema, uichapishe. Ya OptomCAS ni nyepesi: fomu ina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, jaza la baba kamili hapo.

Salim, Boston

Na aliye na transkripti za nyumbani, WES, wale wanaotathmini vyeti vya nje, yachukua kozi kwa kozi au jumla? Yangu yarudi kila mara.

Mwalimu Hamisi, Houston

Kozi kwa kozi, Salim. Ya jumla haionyeshi alama za kila somo, na shule wanataka kuona kemia na fizikia zako moja moja. Bahasha ifungwe na chuo chenyewe na mhuri upite juu ya kifuniko. Ukiifungua wewe hawaipokei. Chuo gani, tukuelekeze nani wa kumpigia pale msajili?