Kamera ya usingizi yenye rilei ya kukata mafuta: ifungwe kwenye basi la usiku?

Msafiri_Kusini:
Wakuu, habari za kazi. Mabasi manne ya Dar–Mbeya, yote ya volti 24 na injini nyuma, mawili yanatembea usiku. Muuzaji anapendekeza kamera inayosoma macho ya dereva, saa ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo, na rilei (swichi ya umeme inayojiendesha) inayokata mafuta macho yakifumba sekunde 3. Rilei hiyo ina usalama? Na kamera ikae wapi isilie ovyo?

fundi_volti24:
Rilei usikubali kabisa, mkuu. Pampu ya usukani na kompresa ya upepo wa breki zinazungushwa na injini. Mafuta yakikatika basi likiwa kwenye gia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, lakini dereva aliyeshtuka usingizini anakanyaga klachi kwanza. Hapo injini inazima, usukani unakuwa mzito, na upepo uliomo kwenye matangi unapungua kila akigusa breki, hakuna mwingine unaoingia. Rilei ikiwa imekata umeme wa kompyuta ya injini, hata ekzosti breki (inayopunguza mwendo kwa kubana moshi wa injini) imeondoka. Sasa weka hilo kwenye kona za mlima Kitonga, Iringa, basi linashuka limejaa abiria.

Halafu sekunde 3 ni nyingi. Kwa 80 km/h basi linakwenda mita 22 kila sekunde, yaani mita 66 dereva haoni kitu. Kengele ya ndani ilie kwenye sekunde 1.5, mtetemo wa kiti uanze kwenye 2.

Kama unataka gari lenyewe libadilike, unganisha kamera izime kruzi kontroli (inayoshikilia mwendo bila dereva kukanyaga mafuta). Hatua ya pili ni kushusha kikomo cha mwendo wa juu, kama kompyuta ya gari lako ina ingizo lake. Kishuke taratibu, 80 hadi 70 hadi 60, kwa sababu kikishuka ghafla basi likiwa linapita lori, linakosa nguvu upande wa magari yanayokuja. Na kumbuka kikomo hicho kinabana mafuta tu. Kwenye mteremko hakishikilii gari.

Ulaya kigundua usingizi ni lazima kwa magari mapya yote tangu Julai 2024, na sheria yao inataka kimwonye dereva. Haidai kimzimie gari.

Mama_Dashibodi:
Kuhusu kufunga. Kamera ikae cm 60 hadi 90 kutoka usoni, juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo, isizidi nyuzi 30 pembeni ya uso. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote uhakikishe hauizibi. Chagua taa za infraredi (mwanga ambao kamera inauona gizani) za nanomita 940. Zile za 850 zinaonekana kama doa jekundu gizani na zinamsumbua dereva usiku kucha.

Waya ni tatu: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, na hasi. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na chanzo, hasi ifungwe kwenye bolti iliyokwanguliwa rangi. Waya za CAN, zinazobeba taarifa za gari kama mwendo, usizikate. Tumia kisomeo cha kubana juu ya waya, au mwendo uchukuliwe kwenye GPS. Weka kamera ianze kazi juu ya 30 km/h, la sivyo italia stendi nzima.

Kinachosahaulika sana: vifaa vingi vinakuja vimepangwa kwa usukani wa kushoto. Usipobadilisha, dereva akitazama kioo cha kushoto anaandikiwa kosa la kutoangalia barabara. Jua la asubuhi nalo ni tatizo. Basi linalotoka Mbeya usiku linakwenda mashariki, dereva anakunja macho, kamera inahesabu amefumba. Miwani mingi ya jua inapitisha infraredi, ila ile ya kung'aa kama kioo inaizuia. Jaribu na kila dereva, mfupi kwa mrefu. Kamera ikilia bure mara kumi kwa safari itabandikwa plasta, kwa hiyo washa pia taarifa ya "kamera imezibwa" ifike ofisini.

Msafiri_Kusini:
Asante sana dada, na wewe fundi. Saa ya mkononi je?

fundi_volti24:
Saa isiunganishwe na gari. Inasoma damu kwa taa ya kijani. Kamba ikilegea au basi likitikisika namba zinaruka, na ngozi nyeusi inafyonza zaidi mwanga huo. Mapigo pia yanashuka kwa mtu aliyetulia tu. Kipimo cha kutegemea ni muda ambao kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi, ndani ya dakika moja. Ukifika asilimia 15, yaani sekunde 9, dereva wa pili ashike usukani.

Saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri mtu wa zamu ofisini awe macho, maana ndipo mwili unapodai usingizi zaidi. Anayepumzika alale dakika 20, kisha apewe dakika 15 nyingine kabla ya kurudi kwenye usukani, kwani aliyeamka sasa hivi bado ana uzito wa kichwa.

Mama_Dashibodi:
Na kabla ya kuwasha, madereva wasaini ridhaa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za kibaiometriki (za kumtambua mtu kwa mwili wake, kama uso) ni nyeti. Hifadhi vipande vya sekunde 10 vya tukio tu, safari nzima usiirekodi.