Naomba ushauri: mashairi na insha za Kiingereza, kidato cha tatu

Habari zenu wakuu. Niko Nzuguni, Dodoma, naishi na mpwa wangu, binti wa kidato cha tatu. Mashairi ya Kiswahili anayamudu: vina, mizani 16 kwa mstari, kibwagizo. Kwenye Kiingereza ndiko anakokwama. Anahesabu silabi kama alivyozoea, wakati kule wanafuata mkazo wa sauti, na mengine ni mashairi huru, hayana vina kabisa. Darasani wamekaririshwa majina ya tamathali za semi. Ukimuuliza shairi limemgusa wapi, kimya.

Insha za maelezo ndiyo balaa. Aliambiwa aeleze shamba la zabibu. Kaandika shamba ni zuri, anga ni la buluu, watu wana furaha. (Shamba gani hilo, la kwenye kalenda?) Nikamwambia anisimulie kwa Kiswahili. Akataja manyigu wanaogombania zabibu zilizopasuka, vumbi jekundu juu ya majani, mikasi inavyonata mkononi kwa utamu. Vitu anavyo, Kiingereza ndicho kinamkausha.

Walimu na wazazi mliopitia haya: aandike kwanza kwa Kiswahili ndipo ageuze, au atazoea kutafsiri mpaka mtihani wa NECTA umkute hivyohivyo? Mimi naona shairi alisome kwa sauti kwanza, uchambuzi ufuate, ila shuleni wanataka majibu ya mtihani. Na kama kuna mtu hapa Dodoma anayefundisha kuandika, siyo kukariri, naomba anistue.