Vitindamlo vya meringi vya mtu mmoja mmoja vyenye ladha ya todi ya moto: ladha iingie wapi?

OveniYaNakuru

Hamjambo nyote.

Nimeombwa kuandaa kitindamlo cha wageni 24 katika karamu ya jioni itakayofanyika Kisumu mwezi wa Julai. Wenyeji wangu waliishi Scotland kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Wanataka kila mgeni aletewe sahani yake, wala si kipande kilichokatwa kwenye keki kubwa, na wanataka ladha iwe ile ya todi ya moto, yaani wiski iliyochanganywa na maji ya moto, asali, limau, mdalasini na karafuu, kinywaji ambacho watu wa kule hujipashia mwili wakati wa baridi. Nimechagua meringi, yaani povu la ute wa mayai na sukari linalookwa hadi likauke, zikiwa ndogo za mtindo wa pavlova, zenye ganda kavu kwa nje na ulaini kwa ndani, kwa sababu huokwa mapema na hazina unga wa ngano, jambo ambalo mgeni mmoja amelisisitiza sana.

Kipimo changu cha kawaida ni ute wa mayai 4, sukari gramu 220, kijiko kidogo cha siki na vijiko vidogo 2 vya konflawa, nami hupata meringi 8 za upana wa sentimita 8 hivi. Ninachohitaji kujua ni kama ninaweza kuondoa sehemu ya sukari hiyo na kuweka asali mahali pake, na kama wiski inaweza kuingia katika povu lenyewe. Vilevile, kinywaji hiki hunywewa kikiwa moto, ilhali meringi huliwa ikiwa imepoa. Je, kuna namna ya kumfanya mlaji ahisi ule uvuguvugu bila kuliyeyusha ganda? Wageni kadhaa ni Waislamu na wengine ni Waadventista, kwa hiyo sahani zao hazitakuwa na pombe hata tone. Mwisho, nitaoka Nakuru na kuzisafirisha kwa gari kupitia Kericho, na ninaihofia hewa ya ziwani.

FundiWaKakamega

Ndugu OveniYaNakuru, nitaanza na asali, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote. Usiiweke ndani ya povu. Meringi husimama kwa sababu protini za ute hufunga hewa, na sukari iliyoyeyuka katika maji ya ute huo huzipa kuta za mapovu uzito usiopasuka upesi. Ndani ya oveni maji hutoka polepole, sukari ikabaki imeshikilia umbo. Asali huja na maji yake yenyewe, kiasi cha asilimia 17 au 18, na sehemu kubwa ya utamu wake ni fruktosi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa kwa urahisi kuliko sukari ya miwa. Ganda la namna hiyo litatoka kwenye oveni likiwa zuri la kupendeza, kisha lianze kunata vidoleni kabla hujafika Londiani. Wiski nayo hulegeza povu, na harufu yake nyingi itapotelea ndani ya oveni. Utakuwa umemwaga fedha.

Ukiniuliza mimi, na najua wapo wapishi watakaonipinga, ganda liache lilivyo, liwe jeupe na tamu, wala lisibebe chochote zaidi ya vumbi la mdalasini lililopitishwa kwenye chujio dakika ile ya kuingia ovenini. Todi iingie katika kijazio. Hebu piga hesabu: gramu 220 kwa meringi 8 ni zaidi ya gramu 27 za sukari kwa kila mgeni, kabla hujaongeza kitu kingine. Kwa hiyo utamu tayari upo wa kutosha, na asali uliyotaka kuiongeza haitasikika hata kidogo humo. Kinachokosekana ni ukali wa limau, uchungu kidogo na ule moto wa viungo unaoshuka kooni, na hivyo vyote vinakaa vizuri katika krimu nzito ya limau inayopikwa kwa viini vya mayai yale yale uliyoyatenga.

Kwa kila kipimo chako cha meringi 8, chukua viini 4, sukari gramu 80, maji ya limau mililita 100, tangawizi mbichi iliyokunwa kijiko kikubwa 1, kijiti cha mdalasini na punje 2 za karafuu. Nasema 2, na nakuomba usiniongezee ya tatu, kwa maana karafuu ikizidi kitindamlo hunuka kama chumba cha daktari wa meno. Pasha maji ya limau pamoja na viungo, yafunike yakae robo saa, yachuje, kisha yapike na viini na sukari juu ya sufuria ya maji yanayotokota kwa utulivu, huku ukikoroga bila kuacha, hadi mchanganyiko ushike mgongo wa mwiko na kidole ukikipitisha kiache njia isiyofungika. Ondoa motoni, tia siagi gramu 80 vipande vipande, na mwisho kabisa, uji ukiwa vuguvugu, tia vijiko vikubwa 2 vya asali na kiasi hicho hicho cha wiski. Asali ikitiwa mwisho harufu yake hubaki. Tafuta asali nyeusi yenye harufu ya moshi, kama ile inayotoka Baringo. Asali nyepesi ya rangi ya maji itamezwa na limau.

Kuhusu sukari ya ganda, hii yetu ya dukani ina chembe kubwa, hivyo isage kwanza kwenye blenda. Kabla hujaacha kupiga, chota tone la povu ulisugue kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukihisi chembe yoyote, endelea kupiga, kwa sababu chembe isiyoyeyuka ndiyo hutoa yale matone ya shira yanayojikusanya chini ya meringi iliyokwisha kuokwa.

JikoniKisumu

Mimi nitajibu la safari, kwani hapa ninapopikia ziwa ninaliona dirishani.

Oka siku moja kabla, uziache meringi zipoe ndani ya oveni iliyozimwa huku mlango ukiwa umefunguka kidogo, kisha zipange katika mikebe mikavu yenye vifuniko vinavyobana, tabaka moja moja, na karatasi ya kuokea katikati. Usizitie friji kamwe. Friji ina unyevu, na kitu baridi kikitolewa katika joto la Kisumu hutoka jasho juu yake papo hapo. Mikebe isifunguliwe njiani kwa sababu yoyote, hata mtu akitaka tu kuhakikisha kwamba hazijavunjika. Oka za ziada, tatu au nne, maana barabara ni barabara.

Siri ya wauza keki wa huku ni kupaka chokoleti iliyoyeyushwa, safu nyembamba sana, ndani ya kishimo cha meringi na kuiacha igande. Mafuta ya kakao huzuia maji ya kijazio yasifike kwenye ganda, na hivyo unapata nafasi ya kuandaa sahani 24 bila ya zile za kwanza kulegea kabla ya za mwisho kujazwa. Tumia chokoleti nyeusi, isiyo tamu sana, kwa sababu nakubaliana na FundiWaKakamega kwamba sukari imetosha. Hata kwa ulinzi huo, usijaze mapema kuliko nusu saa kabla ya kupakua. Krimu ya kupiga ibaki kwenye kisanduku cha barafu hadi dakika hiyo, na bakuli la kuipigia lipoe pia.

Jambo moja zaidi. Kwa kazi ya kusafiri ningeacha njia ya kupiga ute mbichi na sukari, nikapasha ute na sukari pamoja juu ya mvuke, nikikoroga, mpaka vifike nyuzi 70 za Selsiasi, ndipo nikaanza kupiga. Meringi za namna hiyo hazifuri sana lakini ni ngumu kuvunjika, sukari yote inakuwa imeyeyuka, na ute umepata joto la kuua vijidudu.

MajaniChai

Nawaheshimu walionitangulia, ila naona suala la uvuguvugu wamelikwepa. Mtu aliyeahidiwa todi ya moto akiletewa kitu baridi cha limau, hata kiwe na wiski, atasema amekula pavlova ya limau, na hatakuwa amekosea. Tangawizi husaidia, lakini haitoshi.

Ninachopendekeza ni tunda la moto. Menya mapeasi ya Molo yakipatikana, la sivyo tufaha za dukani, yakate vipande vidogo na uyachemshe taratibu katika chai ya rangi iliyokolea, pamoja na asali, ganda la limau na mdalasini, mpaka yalainike bila kuvurugika. Chai ya Kericho ina ule ukavu unaobana ulimi ambao katika todi unaletwa na wiski, na ndiyo sababu naitaka hapa: kwa wageni wasiotumia pombe inaziba pengo ambalo maji ya matunda hayawezi kuliziba. Wakati wa kupakua, meringi yenye krimu iwekwe upande mmoja wa sahani, vipande vya tunda vikiwa moto viwekwe kando yake, na shira iletwe katika vikombe vidogo vya kahawa, kila mgeni na chake, ajimiminie mwenyewe. Ganda likilowa dakika ile ile ya kuliwa, hilo si kosa, ni raha.

Tena tuwe waangalifu kuhusu pombe. Wapishi wengi huwaambia wageni kwamba pombe ikishachemshwa imekwisha. Sivyo. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemka na pombe kwa dakika 15 hubakiwa na karibu asilimia 40 ya pombe ile, na baada ya saa nzima bado kuna asilimia 25 hivi. Kwa Mwislamu au Mwadventista hizo si takwimu za kufariji. Pikia sahani zao katika sufuria tofauti, wala usitumie mwiko uliokoroga wiski, na meza ioneshe wazi zipi ni zipi.

Wenyeji wangekuwa wametoka Ujerumani ningekushauri mvinyo mwekundu uliochemshwa na viungo, kwani rangi yake juu ya krimu nyeupe haina mfano. Lakini Mskoti na todi yake, mwache.

FundiWaKakamega

Ndugu MajaniChai, la tunda la moto nakubali, na la vikombe nakubali zaidi. La kumimina shira juu ya meringi iliyopakwa chokoleti bado linanitia wasiwasi, kwa sababu chokoleti itayeyuka na shira ya rangi ya dhahabu itageuka kuwa tope. Basi shira iwe vuguvugu, isiwe ya kuchoma.

OveniYaNakuru

Nimefuata kila neno, ahsanteni. Nitafanya vipimo 3 vya ganda kwa njia ya mvuke, na kipimo cha 4 kwa ajili ya zitakazovunjika. Krimu ya limau nitaigawa: vipimo 2 vitapata wiski, na 1 kitapikwa mwanzo, kabla chupa haijafunguliwa, kikiwa na vijiko vikubwa 2 vya chai ya rangi iliyokolea mahali pa wiski. Matunda yote yatachemshwa katika chai peke yake, ili kosa lisiweze kutokea mezani.

Limebaki moja la kitaalamu. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na oveni yangu ni ya gesi ambayo hata ikiteremshwa kabisa hupita nyuzi 130. Je, nibadilishe nini?

FundiWaKakamega

Mwinuko kwanza. Kwenu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo mvuke wako una joto pungufu na bakuli la ute litachukua dakika chache zaidi kufika nyuzi 70. Usiongeze moto, subiri tu, na tumia kipimajoto badala ya saa. Hewa ya juu ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo mapovu hutanuka zaidi yakipata joto kuliko huku kwetu. Acha kupiga mara povu linaposimama likiwa bado linang'aa na ncha yake imeinama kidogo. Ukilipiga hadi likauke kabisa, ganda litapasuka ovenini.

Oveni itakusumbua kuliko mwinuko. Unahitaji nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au zaidi kidogo. Washa moto wa chini kabisa, weka trei tupu kwenye rafu ya chini ili ikinge mwali, meringi ziwe rafu ya kati, na uushikize mlango kwa mpini wa mwiko wa mti ili joto lipungue. Ukiona zinaanza kuwa na rangi ya maziwa yaliyochomeka, zima gesi dakika 10 kisha uwashe tena. Zinakuwa tayari zinapobanduka kwenye karatasi bila kuacha kitu chini. Na kwa kuwa oveni ya nyumbani haiwezi kubeba 32 kwa mara moja, andaa povu la kila trei wakati trei iliyotangulia inapomalizika. Povu lililopigwa likisubiri mezani linalegea.