Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi usiku ule Simbu alipochukua dhahabu Tokyo?

Mwanzisha mada, Area C, Dodoma

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa kumbukumbu zetu za usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Nauliza kwa sababu nimegundua kwamba wengi wetu tunalisimulia tukio hili kana kwamba tulilishuhudia, ilhali kwa saa za kwetu mbio zilianza saa saba na nusu usiku na kumalizika karibu saa tisa na dakika arobaini, wakati ambao Dodoma nzima, ukiondoa mbwa na walinzi, imelala.

Naanza na mimi mwenyewe: nililala. Nilikuwa nimetega kengele ya simu, ikalia, nikaizima huku nikijiambia kwamba tangu Simbu apate medali ya shaba London mwaka 2017 nimekesha mara nyingi bila faida. Asubuhi nilikuta kundi la familia limejaa ujumbe, na mama yangu mdogo wa Singida, alikozaliwa Simbu, ambaye kwa kawaida hututumia picha za maua tu, alikuwa ameandika neno moja: "Mmelala?" Tafadhali simulieni mliyoyaona au kuyatenda wenyewe, ya magazetini tumeshayasoma.

Mlinzi, Kisasa

Mimi nilikuwa macho kwa sababu ndiyo kazi yangu. Zamu ya usiku ina saa mbili ngumu, kuanzia saa saba hadi saa tisa, ambazo usingizi huja kama mtu anayekudai. Niliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapunguza sauti, nikaanza kufuatilia. Walianza kwa kituko: mkimbiaji mmoja alichomoka kabla ya wakati, wakarudishwa mstarini kama watoto wa mita 100, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye mbio za kilomita 42. Baada ya hapo yakaja ya kawaida ya marathoni, kundi kubwa, joto, watu wakijimwagia maji, na nakiri kwamba katikati ya mbio nilizunguka uzio mara nne ili nisisinzie.

Walipofika uwanjani, waliokuwa wakigombea medali walikuwa watatu, Mwitaliano, Mjerumani na mtu wetu, na hapohapo bando likaisha. Nikabaki na picha iliyoganda, Simbu akiwa nyuma, mguu mmoja hewani. Nilijaribu kukopa salio, nikajibiwa kwamba nina deni. Dakika chache baadaye simu ikaita. Alikuwa kaka yangu aliyeko Singida, na hakusema habari wala hujambo, alipiga kelele tu. Mimi siwezi kupiga kelele lindoni saa tisa usiku, kwa sababu majirani wangetoka na mapanga wakijua ameingia mwizi. Nilivuta kola ya koti nikaing'ata mpaka machozi yakanitoka. Asubuhi mwenye nyumba aliniuliza mbona macho yangu ni mekundu, nikamjibu kwamba nimelinda vizuri.

Mama wa watoto wawili, Nkuhungu

Nilikesha, lakini kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Habari nilizipata zahanati, kwenye foleni, kwa mama mmoja ambaye simu yake haikuacha kulia.

Mwalimu wa michezo, Kondoa

Jumatatu hiyo nilikifanya kipindi cha hisabati kuwa cha Simbu. Matokeo yalionyesha watu wawili, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani, kwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na mshindi akapatikana kwa picha ya mstarini, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Hata Simbu mwenyewe hakuwa na uhakika mpaka alipoliona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Watoto hawakuelewa 0.03 ni kitu gani. Nikatoa simu yenye saa ya kupimia mbio, nikamtaka kila mmoja aibonyeze ianze na aibonyeze tena isimame, haraka kadiri awezavyo. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote, binti mmoja wa dawati la nyuma, alipata 0.11, mimi nilipata 0.17 na nikachekwa.

Kisha tukapiga hesabu ubaoni. Mita 42,195 ukizigawanya kwa sekunde 7,788 unapata kama mita 5.4 kwa sekunde, na katika sekunde 0.03 mtu wa mwendo huo husogea sentimita 16. Kwa kuwa mwishoni walikuwa wakitimka kuliko wastani huo, tukakubaliana kuiita shibiri moja, na nusu ya darasa wakaanza kupima shibiri zao kwenye madawati. Niliwaeleza pia kwamba kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika mstarini, si kichwa wala mkono, ndiyo maana Petros alijirusha mpaka akaanguka. Hapo nilijitafutia balaa. Katika uwanja wetu, ambao mistari yake tunaichora kwa majivu, kila mtoto anayekaribia mwisho sasa anajitupa chini. Mpaka leo nimeshasafisha magoti saba.

Mstaafu, Chamwino

Wanangu, mnazungumza kana kwamba Tokyo tumeifahamu kwa Simbu. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii na mwanajeshi kama Simbu, alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na tena mwaka 1986, kisha New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Enzi hizo hakuna aliyekesha, kwa kuwa hakukuwa na cha kukeshea. Tulisubiri taarifa ya habari ya Redio Tanzania, na betri tulizianika juani mchana kutwa ili zifike jioni zikiwa na pumzi.

Kinachonikaa moyoni ni Boston ya mwaka 1988, ambapo Ikangaa alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia kwamba safari hii imeamuliwa kwa kitu kidogo kuliko sekunde, nilikaa kwanza. Nilimuuliza mara mbili: "Una hakika si sisi tulioshindwa?"

Mwanzisha mada

Shikamoo Mzee wangu. Umenifanya nirudi kwenye takwimu. London mwaka 2017 Simbu alitumia saa 2:09:51, akakosa medali ya fedha kwa sekunde mbili nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia. Tokyo ametumia 2:09:48. Katika miaka minane muda umepungua kwa sekunde tatu na rangi ya medali imeruka ngazi mbili, na hapo ndipo ninapowashangaa wanaompima mkimbiaji wa marathoni kwa muda peke yake.

Mfanyabiashara, Manyoni

Furaha yangu haijakamilika, na naomba nisieleweke vibaya. Medali zetu zote tatu za Mashindano ya Dunia, fedha ya Christopher Isegwe kule Helsinki mwaka 2005 na hizi mbili za Simbu, ni za marathoni. Nchi iliyokuwa na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3:32.2, nchi ambayo Bayi na Suleiman Nyambui waliiletea fedha mbili za mbio za uwanjani kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, sasa inasubiri barabara. Kwa maoni yangu ni kwa sababu barabara haimdai mtoto chochote.

Nilikuwa nakimbia mita 800, peku, nikiwa kidato cha pili. Nikachaguliwa kwenda kambini, nikaambiwa nije na viatu vyangu na nauli yangu. Baba aliuza mbuzi, tukanunua viatu vya mtumba vilivyonizidi namba mbili, nikajaza vitambaa mbele. Nilipofika nilikuta geti limefungwa na mlinzi akaniambia kambi iliahirishwa wiki iliyopita. Hakuna aliyetuma taarifa shuleni, na sikuitwa tena.

Viatu bado ninavyo. Jumatatu ile kijana wangu alivivaa bila kuniomba, akatoka kukimbia kando ya reli; gundi ikaachia, akarudi na soli moja mkononi.

Mlinzi, Kisasa

Dada wa Manyoni, huyo kijana anavaa namba ngapi? Mwenye nyumba ana jozi anayotaka kuitoa, ni namba 42, na mimi naingia zamu saa kumi na mbili jioni.