Fristaili mita 50 tu pumzi imekata, nianze na drili gani?

bwawani25: Wakuu habari zenu. Naogelea fristaili kwa mazoezi tu, bwawa la mita 25. Nikienda na kurudi mara moja pumzi imekata kabisa, ila kukimbia nakimbia nusu saa freshi, kwahiyo sidhani kama shida ni mapafu. Jamaa mmoja aliniangalia akasema miguu inazama na mikono ikiingia majini inavuka mstari wa katikati ya mwili. Drili, yaani vile vizoezi vya kurekebisha mtindo kipande kipande, mtandaoni ziko nyingi mpaka nachanganyikiwa. Ipi ianze, na nikiwa na saa moja naipangaje?

kiwiko_juu: Mkuu anza na kichwa na pumzi, mikono itafuata. Kifua kina hewa kinaelea, miguu mizito inazama, ndo maumbile yetu, sasa ukinyanyua kichwa kuangalia mbele unaizamisha zaidi na unabaki kuburuta mwili mzima. Angalia sakafu ya bwawa, shingo ilegee. Halafu pumzi, wengi wanaibana uso ukiwa majini, wakigeuka wanataka watoe na wavute hapohapo, muda hautoshi, lazima uchoke hata kama mbio unaziweza. Toa mapovu mfululizo uso ukiwa ndani, ukigeuka kazi iwe moja tu, kuvuta, na jicho moja libaki majini.

Drili yako ya kwanza: lala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umetulia pajani, piga miguu mara sita, kisha vuta mkono ugeukie ubavu wa pili, sita tena. Usiwe na haraka nayo. Kama miguu haisukumi vaa mapezi mafupi.

majimatulivu: Naongezea ya mikono. Kuvuka katikati ndo kunafanya mwili uyumbe kama nyoka. Ingiza mkono kwa upana ambao wewe unaona umezidi, utakuta kumbe uko sawa na bega, hapohapo panapotakiwa.

Halafu drili ya ngumi, hii naipenda sana. Kunja ngumi zote mbili uogelee mita 25 hivohivo. Mwanzoni maji yanakuponyoka tu unahisi huendi, usikate tamaa, endelea taratibu, mkono wenyewe unaanza kutafuta pa kushikia, kiwiko kinabaki juu, kigasha kinasimama wima na ndicho kinachosukuma maji nyuma. Ukifika ukutani geuka, fungua vidole, ogelea kawaida. Utasikia kiganja kimekuwa kizito ghafla. Hicho ndo cha kukumbuka.

Ila ile ya mkono mmoja kumsubiri mwenzie mbele mimi kwa mtu ambaye miguu inazama simpi nyingi, anazoea kusimama kati ya mkono na mkono, na kila akisimama spidi inakufa.

kiwiko_juu: Hapo kwenye kusubiriana sikubaliani sana, kwa anayevuka katikati inamfundisha kunyoosha mkono mbele ya bega. Afanye chache tu, aache.

seti_na_saa: Mpangilio wa saa moja. Mita 200 za kupasha, pumzika kila ukuta ukitaka. Kisha 50 mara 8, mita 25 za kwanza drili, 25 za kurudi kuogelea kawaida, pumzika sekunde 20, nne za ubavu nne za ngumi. Usifanye drili peke yake kutwa nzima, mtu anakuwa bingwa wa drili na fristaili yake iko vilevile, lazima uihamishie kwenye kuogelea palepale mwili bado unakumbuka. Baada ya hapo 25 mara 8 ukihesabu mikono NA sekunde, jumlisha. Mikono ikipungua ila sekunde zimeongezeka sana ujue unateleza tu hujaboresha chochote. Malizia na 100 za mgongo taratibu. Ukiona mtindo umeharibika kwa uchovu ongeza mapumziko, usilazimishe, utakariri makosa.

bwawani25: Asanteni sana wakuu. Na kibao cha kupigia miguu je?

majimatulivu: Kwa sasa kiache, kinanyanyua kichwa na mabega, palepale unapopambana napo. Piga miguu ukiwa chali au ubavu, nguvu itoke kwenye nyonga, goti likunjike kidogo tu, kifundo kilegee.