Meshi 43, 77 au 120: nianze na zipi kwa fulana za shule na stika?

mgeni_mukono
Habari za kazi, wakubwa. Naanza kuchapa kwa skrini hapa Mukono, yaani kusukuma rangi kupitia meshi, kitambaa cha wavu kilichovutwa kwenye fremu. Oda nilizo nazo ni fulana za michezo za shule, nyingi bluu nzito na maandishi meupe, na kuna mteja wa stika. Nimepita Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala: duka moja linasema 43 inatosha kila kitu, la jirani linasema 77 na 120. Mfuko unaruhusu aina mbili tu. Pia, fremu za mbao zinafaa au nijikaze nichukue alumini?

busia_mpakani
43 kwanza, hiyo haina mjadala. Namba ni idadi ya nyuzi kwenye sentimita moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na rangi inashuka nyingi. Nyeupe juu ya bluu nzito inataka rangi nyingi. Ukiipitishia 77 utavuta mara tatu na kitambaa bado kitaonekana chini yake.

Ila muulize muuzaji anahesabu kwa nini. Wamarekani huhesabu kwa inchi: 110 yao ndiyo 43 yetu, 195 yao ni 77, 305 yao ni 120. Mtu akikupa "110" usifikiri amekupa meshi laini kuliko 77.

dada_wa_jinja
Ssebo, 43 sawa, lakini beji ya shule umeifikiria? Beji ina kitabu, mwenge, na chini yake kaulimbiu ya herufi ndogo kabisa. Meshi 43 yenye uzi wa maikroni 80 ina tundu la maikroni kama 150. Mstari mwembamba kuliko hapo unakosa pa kushika, na ukingo wa herufi unatoka na meno. Ile 120 yenye uzi wa 34 tundu lake halifiki 50, inashika kila kitu, lakini rangi nzito ya fulana haipiti vizuri. Hiyo ni ya stika na karatasi.

Mimi ningechukua 43 na 77. 43 kwa maandishi makubwa ya mgongoni, 77 kwa beji ya kifuani, na stika zenye maandishi ya kawaida zitatoka kwa 77. Akija mteja wa picha yenye vidoti, ndipo ununue 120 kwa pesa yake.

mzee_wa_meza
Mnabishania namba na meshi yenyewe haijavutwa. Nimeona 77 iliyolegea ikichapa vibaya kuliko 43 iliyokaza. Meshi ikilegea hainyanyuki nyuma ya mpira wa kusukumia rangi unapovuta, inabaki imenata kwenye fulana na rangi inasambaa. Fremu ya alumini iliyovutwa kwa mashine na kugundishwa inakaa na mkazo wa nyutoni 20 hadi 25 kwa sentimita. Mbao na pini za stepla huwezi kufika hapo, na maji ya kuoshea yanaipinda mbao polepole. Kwa kazi ya rangi moja mbao inatosha, ukiipaka vanishi pande zote, na kona zake pia. Rangi mbili au tatu zinazotakiwa zikutane, chukua alumini.

Halafu osha meshi hata ikiwa mpya, kwa sababu inatoka kiwandani na mafuta, na kidole chako kinaongeza. Kuna dawa ya kuondoa mafuta. Ukiikosa, tumia sabuni ya maji ya vyombo isiyo na vilainisha mikono. Usisugue kwa unga wa kung'arishia sufuria, chembe zake zinakwaruza uzi na kubaki kwenye matundu. Suuza mpaka maji yatande skrini nzima bila kukatika. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, na hapo ndipo vitundu vya pini vitatokea ukipaka dawa ya mchoro, ile inayoganda kwa mwanga.

Ukipaka, anza upande wa fulana, malizia upande wa ndani, dawa isukumwe kuelekea fulana. Laza skrini gizani, upande wa fulana ukiangalia chini, feni ikipuliza. Miezi ya mvua usiharakishe. Dawa inaweza kuwa kavu kidoleni na bado ina maji ndani. Ukiichoma hivyo, yaani kuimulika ili igande, inaondoka yote ukiosha.

fundi_wa_jua
Naongeza la kuchoma, maana umeme ukikatika wengi tunatoka nje. Dawa ya diazo, ile unayochanganya mwenyewe, inaiva taratibu na inavumilia ukizidisha kidogo. Ile ya fotopolima huja tayari na inaiva haraka mno. Jua letu la saa sita linaipitiliza kwa sekunde chache. Kama utachomea jua, chukua diazo. Kama una boksi la taa za UV, fotopolima itakuokolea muda.

Kwa 77 na 120 omba meshi ya njano. Nyeupe inasambaza mwanga ndani ya uzi na kuivisha pembeni mwa mchoro, herufi ndogo zinajaa. Njano inataka muda zaidi, kwa hiyo fanya jaribio: funika skrini kwa kadibodi, isogeze kila baada ya muda uleule, osha, uone kipande gani kimeshika bila kuziba herufi.

busia_mpakani
Kwa 43 nyeupe inatosha, asilipie njano bure.

mgeni_mukono
Asanteni sana. Nachukua 43 nyeupe na 77 ya njano, fremu za alumini kwa beji tu, mbao kwa mgongoni. Rangi yangu ni ya maji. Diazo itahimili?

dada_wa_jinja
Soma kopo, iandikwe kwamba inahimili rangi za maji. Ya kawaida inalainika ukiwa katikati ya oda. Ukishaosha na kukausha, irudishe skrini juani dakika kadhaa tena kabla ya kuchapa, dawa inazidi kukaza.

mzee_wa_meza
Na mchanganyiko utakaobaki weka kwenye friji, andika tarehe juu ya kopo. Diazo ikishachanganywa ni ya wiki chache tu.