Mistari ya ajabu kwenye logi: nimeingiliwa au napigiwa hodi tu?

fundi_wa_zamu:
Wakuu, nimerithi seva ya jamaa aliyeacha kazi bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Inaendesha Apache 2.4.49 (programu ya kuhudumia tovuti). Jana nilikuwa natafuta kwa nini picha hazipandi, nikakutana na hii kwenye logi, kumbukumbu ya maombi yanayofika kwenye seva:

`GET /icons/.%2e/.%2e/.%2e/.%2e/etc/passwd`

Nyingi zimejibiwa 403 (umekatazwa), ila mbili ni 200 (imekubaliwa). Picha nikazisahau hapohapo. Nikiweka 2.4.50 inatosha? Ninayo tayari.

nukta_mbili:
Usiiweke hiyo. %2e ni nukta iliyovaa nguo nyingine. Nukta mbili na mkwaju maana yake "panda saraka ya juu", na seva yoyote inajua kuzikataa. Kosa la 2.4.49 ni mpangilio: inaiona nukta ya kwanza, inatazama kama ya pili inafuata, inakuta alama ya asilimia, inaruhusu. Baadaye ndipo inaifumbua. 2.4.50 ilitoka Oktoba 2021 kuziba hapo, ila ukiificha nukta mara mbili unapita tena. 2.4.51 ikafuata siku chache baadaye. Weka toleo jipya kabisa.

(Waliobaki na 2.4.48 hawakuguswa na tundu hili. Uvivu nao una siku zake.)

mzee_wa_logi:
Hizo 200 zinaniambia kuna mahali kwenye usanidi "Require all denied" (kataa wote) ya mzizi, yaani saraka ya juu kabisa, imegeuzwa "granted" (ruhusu). Ingekuwepo, wangeambulia 403 tu. Faili lenyewe, /etc/passwd, lina majina ya watumiaji, si nywila, kwa hiyo hilo peke yake lisikukoseshe usingizi. Tafuta POST (ombi linalotuma data) inayoishia /bin/sh, programu inayopokea amri, kupitia cgi-bin. Kama CGI, njia ya seva kuendesha programu, imewashwa, hapo mtu hasomi, anaamrisha.

fundi_wa_zamu:
Ipo moja. Saa tisa usiku, siku nne zilizopita. 200.

mzee_wa_logi:
Basi kuapdeti hakutoshi tena, mdogo wangu. Itoe kwenye mtandao sasa hivi, usiizime. Nakili logi nje kabla hujagusa kitu. Kisha jenga seva mpya kutoka mwanzo, na ubadilishe kila nywila na kila ufunguo uliokuwa humo, ya hifadhidata ikiwemo.

fundi_wa_zamu:
Nimeitoa. Na zile picha, mzee: diski imejaa. Kuna faili kubwa ndani ya /tmp (saraka ya faili za muda), zote za tarehe ileile.